Michezo ya feti: nani alisema lazima aliyeshindwa anywe?

Matokeo ya Eksetat yakitoka, Bukavu hailali. Simu zinalia, kelele zinapanda kutoka Kadutu mpaka Bagira, na vijana waliofaulu wanapita barabarani weupe kwa poda, kuanzia nywele mpaka viatu. Baada ya poda inakuja feti. Mmoja anatoa parsele, mwingine anaazima bafle, wengine wanachanga pesa za kazie ya Primus. Mama wa nyumba anakaanga sambaza. Watu wanakula, wanacheza muziki, halafu muziki unachosha au umeme unakatika. Hapo ndipo mtu anasema: «Tukae duara, tucheze mchezo.»

Kwa kuwa natembea na kinasa sauti na kuingia katika parsele nyingi, vijana wengi wananiandikia: «Yaya, tupe michezo ya kucheza na marafiki kwenye feti.» Wanaouliza si wenyeji wa mji tu. Kuna vijana waliokimbia vita, wanaoishi katika familia zilizowapokea hapa Kadutu, Panzi na kwingine. Nao wanafanya mtihani, nao wanafaulu, nao wana haki ya kucheka. Basi leo niache kidogo habari za barabara na za bei ya unga, niandike juu ya michezo. Nitaeleza namna inavyochezwa, halafu niseme kitu kimoja juu ya chupa iliyo katikati ya duara.

Mchezo wa kwanza ni wa saba. Watu wanakaa duara na kuhesabu kwa zamu: moja, mbili, tatu. Namba saba haitajwi. Namba yoyote yenye saba ndani yake haitajwi, kama 17 na 27. Inayogawanyika kwa saba nayo haitajwi, kama 14, 21 na 28. Mahali pake unasema neno mlilopatana, katika parsele yetu tunasema «Kivu!» Raha yake ni mbio. Mkihesabu polepole hakuna anayekosea, lakini mkiongeza mwendo, wengi wanaanguka pale 27 na 28, kwa sababu Kivu zinafuatana mbili na yule wa pili hakujiandaa. Aliyekosea analipa amande, na hesabu inaanza upya tangu moja.

Wa pili ni wa kwetu kabisa: Kiswahili bila Kifaransa. Mtu anasimama katikati na kueleza kwa dakika moja namna siku yake ilivyopita. Hakuna «donc», hakuna «mais», hakuna «déjà». Mwenye simu anashika saa. Mtu wa Bukavu akifikisha sekunde ishirini bila kuteleza, apigiwe makofi. Nimemwona kijana aliyemaliza vizuri sana, kila mtu kimya akimshangaa, halafu akakaa chini kwa furaha na kusema, «Voilà!» Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Wa tatu ni chupa inayozunguka. Chupa tupu inalazwa chini na kuzungushwa. Yule ambaye mdomo wa chupa unamwelekea anachagua ukweli au kitendo. Akichagua ukweli anaulizwa swali, akichagua kitendo anapewa kazi: kuiga mwalimu wa hesabu, kutembea kama mwanajeshi kwenye gwaride, kumpigia shangazi simu na kumwimbia. Anayekataa analipa amande.

Wa nne ni «Mimi sijawahi». Kila mmoja kwa zamu anataja jambo ambalo hajawahi kulifanya: «Mimi sijawahi kuvuka ziwa mpaka Goma.» Wale waliokwisha kulifanya ndio wanaolipa. Ni mchezo unaofungua midomo, maana usiku mmoja unajifunza juu ya rafiki yako mambo ambayo miaka mitatu shuleni haikukuambia.

Umeona neno amande linarudi kila mara. Katika feti nyingi amande ni moja tu: kunywa. Glasi imejazwa, watu wanapiga makofi, wanahesabu, nawe unamaliza mpaka chini. Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Mwaka fulani nilikuwa kwenye feti ya namna hiyo, kwa mama mmoja wa mtaa wetu. Alikuwa amepokea ndugu kutoka Kalehe, na kati yao kulikuwa na msichana aliyetoka kupata diploma. Kulikuwa pia na kijana jirani ambaye mimi na mama yake tulijua kwamba alikuwa katika mwezi wa nne wa dawa za kifua kikuu. Marafiki zake hawakujua. Dawa hizo zinachukua miezi sita kwa kifua kikuu cha kawaida, na zinalichosha ini. Ukiongeza pombe, ini linabeba mizigo miwili. Muuguzi alikuwa amemkataza.

Wakacheza saba. Kijana yule akakosea pale 17, akapewa glasi. Akasema tumbo linamuuma. Wakacheka: «Tumbo la nani? Kunywa!» Akaigusa kwa midomo tu, akairudisha. Wakapiga kelele kwamba hiyo si amande. Nilimwangalia usoni. Mbele yake kulikuwa na njia mbili, na zote zilikuwa mbaya: kunywa kinyume cha muuguzi, au kutangaza ugonjwa wake mbele ya watu ishirini na bafle.

Kabla hajachagua, mtu mwingine akadakia, akaanzisha «Mimi sijawahi». Mambo yakaenda vizuri. Mimi sijawahi kudanganya mwalimu, watu wote wakanywa. Mimi sijawahi kupanda ndege, hakunywa mtu. Halafu kijana mmoja, bila ubaya wowote, akitafuta tu jambo la kuchekesha, akasema: «Mimi sijawahi kulala porini.»

Msichana wa Kalehe akainua glasi yake. Kaka yake mdogo, aliyekaa nyuma ya mlango akitazama wakubwa, akauliza kwa sauti: «Na mimi ninywe? Na mimi nililala.» Alikuwa na miaka tisa.

Hakuna aliyecheka. Muziki ulikuwa umezimwa, na mtu akaanza kuchezea kifuniko cha chupa. Yule aliyesema aliinamisha kichwa. Msichana naye alishika glasi hewani, hajui kama anywe au aiweke chini, kana kwamba kukimbia vita ni kosa ambalo mtu analipia amande.

Mama mwenye nyumba ndiye aliyetuokoa. Alitoka jikoni na jagi la tangawizi, akaichukua glasi mkononi mwa msichana, akaimwaga kwenye ndoo. Akasema: «Katika nyumba yangu aliyepita porini halipi. Analipwa. Ninyi wote ambao hamjalala porini, kila mmoja amwimbie wimbo ama amtolee kitendawili, na yeye ndiye atakayesema kama mmelipa vizuri.» Akajaza glasi zote tangawizi. Aliyetaka bia yake aliendelea nayo, lakini kwa kiu yake mwenyewe, si kwa amande.

Tulicheza mpaka usiku sana. Kijana mwenye dawa alikosea mara nyingi kuliko wote, na kila alipokosea alisimama kuigiza mhubiri, shofa wa basi, mwuza mkaa. Ilikuwa kama tumekodi mchekeshaji. Msichana naye alikuwa hakimu mkali. Wimbo uliotoka nje ya sauti aliurudisha uimbwe upya.

Tangu siku ile nimekuwa nikiangalia michezo ya pombe kwa jicho lingine, na nimeona kitu ambacho kiko wazi lakini hatukisemi. Katika mchezo wa kawaida, aliyeshindwa mara ya kwanza anaweza kurudi na kushinda. Katika mchezo wa pombe, aliyeshindwa anakunywa, akinywa kichwa kinazidi kuwa kizito, kichwa kikiwa kizito anakosea tena, akikosea anakunywa tena. Mchezo unampiga yule aliyekwisha anguka. Na mara nyingi huyo ndiye mwepesi zaidi wa mwili, ndiye mgeni ambaye bado hajui sheria, ndiye msichana ambaye mtu fulani katika duara anataka alewe. Ukiona mtu anasisitiza fulani anywe, na yeye mwenyewe hanywi, huo si mchezo tena. Msimamishe.

Tufanye hesabu pamoja. Primus ya sentilita 72 ina pombe asilimia 5 hivi. Maana yake, ndani ya chupa moja kuna mililita 36 za pombe tupu, na mwili wa mtu mzima unahitaji karibu saa tatu kuimaliza. Sasa weka glasi ya sentilita 20. Mtu anayekosea mara kumi katika mchezo wa saba, jambo ambalo si ajabu kwa saa moja, amekunywa lita mbili, karibu chupa tatu. Feti ikiisha saa tano za usiku, bado atakuwa na pombe mwilini asubuhi jua likichomoza. Kahawa haiiondoi, wala maji baridi kichwani. Ni saa tu zinazoiondoa.

Hiyo ni bia. Kanyanga ni hesabu nyingine kabisa. Kikombe kidogo cha sentilita 5 chenye nguvu ya asilimia 40 kina pombe kuliko nusu chupa ya Primus, na kinapita kooni mara moja. Zaidi ya hapo, kinywaji kilichotengenezwa kwa siri hujui kimechanganywa na nini. Kama kina methanoli ndani yake, kinaweza kupofusha macho na kuua, na ulimi hauwezi kuitambua. Mtu aliyekunywa kanyanga jana na leo anasema anaona ukungu, anaumwa kichwa na tumbo, apelekwe hospitali mbio. Asisubiri hangover ipite.

Kuna pia mambo ya kikombe. Kwetu Kivu mtu hanywi chupa iliyofunguliwa mbali na macho yake. Hofu ya karuho imetufundisha hivyo tangu utotoni, na ni desturi nzuri kwenye feti, hasa kwa wasichana. Ukienda kucheza muziki ukaacha glasi mezani, ukirudi usiinywe. Na ile michezo ya kikombe kimoja kuzunguka duara nzima, tuiache. Kipindupindu tunakijua hapa, hakijatuacha miaka yote. Mpox nayo, aina yake mpya iligunduliwa Kamituga, katika mkoa wetu huu, na tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani lilitangaza mpox kuwa dharura ya kimataifa. Katika nyumba ambamo familia tatu zinalala vyumba viwili, ugonjwa alioutoa mmoja kwenye kikombe unaenda mbali.

Mzee akisoma hapa ataniuliza: na kasiksi je? Si wazee wetu walikunywa wote pamoja? Ndiyo, walikunywa, na wengine bado wanakunywa. Lakini angalia namna. Mwenye pombe anaionja kwanza mbele ya wageni, ili wajue ni salama. Watu wanakaa. Hakuna anayehesabu kwa sauti ili mwingine amalize mbio. Mtu anavuta kidogo, anaongea habari za shamba, za mahari, za kesi ya mpaka, halafu anavuta tena. Sisemi wazee hawakulewa. Walilewa, na nyumba nyingine zililia. Nasema tu kwamba mashindano ya nani atamaliza glasi kwanza hayakuwa ndiyo heshima ya kikao. Heshima ilikuwa maneno.

Basi, vijana mlioniandikia, jibu langu ni hili: michezo ni mizuri, ichezeni yote minne. Badilisheni amande tu. Nimekusanya hizi kutoka parsele mbalimbali, na zote nimeziona zikifanya watu washike mbavu.

Aliyekosea aigize mtu ambaye wote wanamjua, mpaka atambuliwe. Aliyekosea acheze wimbo mmoja mzima peke yake, na bafle imezimwa, wengine wampigie makofi tu. Aliyekosea aoshe sahani tano. Hii akina mama wanaipenda kuliko zote. Aliyekosea atoe kitendawili, na asipokuwa nacho atoe wa mtaa wake. Wasichana wakiwa wengi, amande ziwe raundi ya nzango: wawili wanatazamana, wanaruka kwa makofi na wimbo, wanatupa mguu, na miguu ndiyo inayosema nani amepata pointi. Kwa nzango mtu anatoa jasho, na mwenye jasho anaomba maji.

Vitendawili nimeona vinafaa sana pale ambapo wenyeji na wageni wamechanganyika. «Kitendawili!» «Tega!» «Nyumba yangu haina mlango.» Yai, kila mtu anajua. Lakini vile vya Kalehe, vya Fizi, vya Shabunda, vya Walungu, havifanani, na aliyefika jana na mfuko mmoja anajikuta ndiye tajiri wa duara. Katika vitendawili mgeni hana cha kuonea haya.

Kwa «Mimi sijawahi», wekeni mpaka mapema, kabla ya kuanza. Vita, njaa, kifo, ugonjwa na mambo ya kitandani viwe nje. Tajeni ya kuchekesha: mimi sijawahi kuanguka kwenye matope ya Kadutu na kujifanya nilikuwa natafuta kitu. Watu wote watalipa.

Na kama katika feti yenu bia itakuwepo, maana najua itakuwepo, yafuateni haya machache. Aliye chini ya miaka 18, mjamzito na anayetumia dawa, apewe juisi au tangawizi ndani ya glasi ileile kama ya wengine, na asiulizwe kwa nini. Jibu la «hapana, asante» linatosha. Halihitaji cheti cha daktari. Chakula kitangulie, bia ifuate. Kila mtu ajimiminie mwenyewe. Wawili wasinywe kabisa usiku huo, ili wawepo wa kufikiri. Feti iishe mapema, ama watu walale hapohapo mpaka asubuhi, kwa sababu njia zetu za usiku mnazijua, na mlevi hawezi kujibu vizuri anaposimamishwa na mtu mwenye bunduki. Mwenye pikipiki aliyekunywa, funguo zake zikae kwa mama wa nyumba.

Mtu akilewa sana, msimwache peke yake chumbani «apumzike». Mlazeni kwa ubavu, si chali, ili akitapika asikabwe. Msimlazimishe kutapika. Mmoja akae naye. Akiitwa haamki, akipumua polepole mno, akiwa baridi kama samaki, hapo si mambo ya kucheka tena. Tafuteni namna ya kumfikisha hospitali, hata kwa kumbeba mgongoni.

Msichana wa Kalehe sasa anasomea uuguzi. Kijana wa dawa alimaliza miezi yake sita na akapona. Yeye bado hanywi, na bado anakosea pale 17. Kila wakimwalika feti wanamwambia mapema: usikose kuja, tumechoka kuangaliana sisi kwa sisi, hakuna wa kuigiza mhubiri.

Mwenye mchezo wa kwao ambao sijautaja hapa, hasa ninyi mliotoka mbali, nitumieni kwa sauti fupi kwenye simu: jina la mchezo, unavyochezwa, na amande yake. Nitauchukua niupeleke hewani jioni, kabla ya habari za maiti na za bei, ili angalau tuanze kwa kucheka.